Huduma bora kwa mama ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto

WAZAZI wengi humpeleka mtoto kliniki kwa uangalifu mkubwa mara tu anapozaliwa. Mtoto hupimwa uzani, hudungwa chanjo na kuandikiwa tarehe ya kurudi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini je, msomaji, wajua kwamba sehemu kubwa ya vita vya kuokoa maisha ya mtoto huwa imekwisha kupiganwa kabla ya siku hiyo?

Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai, 32 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya hao 32, watoto 21 hufariki katika siku 28 za kwanza. Kwa maneno mengine, takriban watoto wawili kati ya kila watatu wanaofariki wakiwa wachanga hawaufikishi hata mwezi mmoja.

Wataalamu wanataja sababu kuu tatu za vifo vya siku hizo za mwanzo. Ya kwanza ni mtoto kuzaliwa kabla ya wakati wake au akiwa na uzani mdogo mno. Ya pili ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ya tatu ni maambukizi, hasa yale yanayopitia kitovuni, kwenye mapafu na katika damu.

Ukizitazama sababu hizo moja baada ya nyingine utaona kwamba zote zinaanzia kwa mama: jinsi alivyotunzwa akiwa na mimba, mahali alipojifungulia, na waliokuwa naye saa hiyo. Ndiyo maana huwezi kuzungumzia afya ya mtoto mchanga bila kuzungumzia huduma za uzazi.

Wiki hii tunaliangalia jambo hili kupitia miji miwili ya magharibi mwa Kenya, Kitale katika kaunti ya Trans Nzoia na Bungoma katika kaunti ya Bungoma. Ni miji jirani, watu wake huoana na kufanya biashara pamoja, na matatu za kati yake hazikomi. Hata hivyo, mama mja mzito wa Kitale na yule wa Bungoma wana mahitaji ambayo hayafanani kabisa, na yote mawili yana funzo kwa msomaji popote alipo.

KLINIKI HUFANYA KAZI GANI?

Kuna akina mama wanaoamini kwamba kwenda kliniki ni kupata kadi tu, ili wasifokewe siku ya kujifungua. Wengine husubiri hadi mimba ionekane wazi, mwezi wa sita au wa saba. Hilo ni kosa kubwa.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka wa 2016, linapendekeza mama aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane katika kipindi cha mimba, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kupita. Nchini Kenya, uchunguzi wa 2022 uligundua kwamba akina mama 66 kati ya kila 100 walihudhuria mara nne au zaidi. Kwa hivyo mmoja kati ya watatu hakufikisha hata mara hizo nne.

Kila ziara ina kazi yake. Kupima shinikizo la damu na mkojo husaidia kugundua kifafa cha mimba kabla hakijamwangusha mama. Ugonjwa huo unaweza kumuua mama na mtoto, na mara nyingi huwalazimu madaktari kumtoa mtoto kabla ya miezi kutimia. Kupima damu huonyesha kama mama amepungukiwa na damu, ana kaswende au ana virusi vya UKIMWI. Kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe mgonjwa, ilhali hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Naye mama mwenye virusi vya UKIMWI akianza dawa mapema, azitumie bila kukosa, na mtoto apewe dawa zake baada ya kuzaliwa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hupungua sana.

Chanjo ya pepopunda anayodungwa mama humlinda mtoto pia, kwa kuwa kinga hiyo hupita hadi kwake akiwa tumboni. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo akina mama wengi huvitupa kwa sababu ya kichefuchefu, humsaidia mtoto kupata uzani unaofaa. Vikikusumbua, jaribu kuvimeza usiku pamoja na chakula, na umweleze muuguzi. Usiviache kimyakimya.

BUNGOMA NA KITALE: MALARIA HAIFANANI

Hapa ndipo miji yetu miwili inapoachana. Bungoma iko katika eneo ambalo malaria huwapo mwaka mzima. Kitale iko juu zaidi, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na huko malaria huja kwa vipindi, hasa baada ya mvua na joto kupita kiasi cha kawaida.

Kwa nini jambo hili limhusu mtoto aliye tumboni? Mama anapopata malaria, vijidudu hujificha katika kondo la nyuma, yaani mahali mtoto anapopatia chakula na hewa. Mama mwenyewe anaweza asihisi homa kali, lakini mtoto huwa ananyimwa riziki yake siku baada ya siku. Matokeo yake ni mtoto mwenye uzani usiofika kilo mbili na nusu, au anayezaliwa kabla ya wakati. Mtoto wa aina hiyo hushindwa upesi na baridi, njaa na maambukizi.

Kwa sababu hiyo, akina mama waja wazito katika kaunti zenye malaria nyingi, Bungoma ikiwa mojawapo, hupewa vidonge vya SP kliniki hata kama hawaugui. Vidonge hivyo huanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, kisha hurudiwa katika ziara zinazofuata, mradi kati ya dozi moja na nyingine uwe umepita mwezi mmoja. Mama anahitaji angalau dozi tatu kabla ya kujifungua. Sasa fikiria mama anayeanza kliniki mwezi wa saba. Atazipatia wapi dozi hizo zote? Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia Septrin hapewi SP, kwa hivyo ni lazima amweleze muuguzi dawa anazotumia.

Mpango huo wa SP haukuwekwa kwa kaunti za nyanda za juu kama Trans Nzoia. Hapo ndipo penye mtego. Wake wengi wa mjini hurudi kwa mama mkwe au kwa mama mzazi mimba inapokomaa. Mwanamke anayeishi Kitale au Nairobi akienda kujifungulia nyumbani Sirisia, Chwele au Kimilili huwa anatoka penye mbu wachache na kuingia penye mbu wengi, tena katika miezi ya hatari zaidi kwake. Akiwa na mpango wa kusafiri, amwambie muuguzi mapema, abebe neti yenye dawa, na akifika aende kliniki ya huko bila kusubiri uchungu. Kijitabu cha kliniki kisisahaulike, kwani ndicho kitakachomweleza mhudumu mpya kila kitu kilichotangulia.

Baada ya mtoto kuzaliwa, wazazi wa Bungoma wakumbuke pia chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa mnamo Septemba 2019 katika kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, Bungoma ikiwemo. Mtoto huanza kupewa akiwa na umri wa miezi sita. Chanjo hiyo haiondoi haja ya neti.

KUFIKA HOSPITALI KUNATOSHA?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo linawasumbua wataalamu wengi.

Mwaka wa 2014, watoto 61 kati ya kila 100 nchini Kenya walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2022, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 82. Hayo ni maendeleo makubwa. Mtu angetarajia vifo vya watoto wachanga kupungua kwa kiasi kama hicho. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilitoka 22 hadi 21 tu kwa kila watoto 1,000. Vifo vya kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja ndivyo vilivyopungua vizuri, kutoka takriban 17 hadi 11, kwa sababu mambo kama chanjo na neti huwalinda zaidi watoto wa umri huo.

Hesabu hizi zina maana gani? Zinatuonya kwamba mama kuingia katika lango la hospitali hakutoshi. Lazima aingie kwa wakati, akute mhudumu, akute vifaa, na ahudumiwe kama binadamu.

Mwaka wa 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba akina mama wengi hupoteza maisha kwa sababu ya kucheleweshwa mara tatu. Maelezo yao yanafaa pia kwa watoto wachanga, na tunaweza kuyapima hapa kwetu.

Kuchelewa kwa kwanza ni kwa kuamua. Uchungu umeanza saa mbili usiku. Mume yuko kazini Eldoret, mama mkwe anasema tungoje kidogo, na mama mwenyewe hana hata senti mkononi. Saa zinapita. Nyumba isiyo na mpango hupoteza wakati ambao hauwezi kurudishwa.

Kuchelewa kwa pili ni kwa njiani. Anayeishi Cheptais au Kopsiro kwenye mteremko wa Mlima Elgon, au Endebess na Kwanza upande wa Trans Nzoia, anajua jinsi barabara ya udongo inavyokuwa miezi ya mvua. Bodaboda huteleza, na usiku wengine hukataa kutoka. Usidhani wakazi wa mjini wamenusurika. Mama wa mtaa wa Kipsongo au Tuwan mjini Kitale anaweza kuwa karibu na hospitali na bado akakosa nauli na mtu wa kumsindikiza saa nane za usiku.

Kuchelewa kwa tatu ni kwa ndani ya hospitali yenyewe, na hapa Bungoma iliipa nchi nzima funzo chungu.

KESI YA BUNGOMA

Mnamo Juni 1, 2013, serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Kabla ya hapo, tangu mpango wa kugawana gharama uanzishwe mwishoni mwa 1989, ada zilikuwa zimewaweka akina mama wengi nyumbani. Ada zilipofutwa wadi zilijaa, lakini vitanda na wauguzi havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo.

Mnamo Agosti 8 mwaka huo huo, mama mmoja alifika katika hospitali iliyokuwa ya wilaya ya Bungoma ili ajifungue. Licha ya tangazo la huduma za bure, aliambiwa anunue pamba na dawa. Uchungu ulipomzidi alikwenda mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vimejaa. Alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali. Alipozinduka alikuwa akifokewa na kupigwa makofi, na akaamriwa aende kwa miguu na kondo la nyuma likiwa bado halijatoka.

Mama huyo alikwenda kortini. Mnamo Machi 22, 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kwamba haki yake ya kuheshimiwa utu wake na haki yake ya huduma za afya zilikuwa zimekiukwa, na kwamba serikali ya kitaifa na ya kaunti hazikuwa zimetenga rasilmali za kutosha kwa huduma hizo. Alituzwa fidia ya Sh2.5 milioni na ikaamriwa aombwe msamaha.

Kesi hiyo haikuwa ya heshima ya mama peke yake. Mtoto anayezaliwa sakafuni bila mhudumu hana wa kumfuta, kumpangusa njia ya hewa wala kumsaidia kupumua. Dakika ya kwanza ya maisha huitwa na wataalamu dakika ya dhahabu. Mtoto asiyelia anahitaji mtu aliyefunzwa, mfuko wa kupuliza hewa na barakoa yake ndogo, papo hapo. Isitoshe, mama aliyetukanwa mara moja huwaonya dada na majirani zake, na wengine watatu au wanne huamua kubaki nyumbani.

Lawama zote zisiwaangukie wauguzi. Muuguzi mmoja anayewahudumia akina mama wengi usiku kucha bila glavu za kutosha naye ameonewa. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa karibu miezi mitano, na mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56. Kila mgomo unapotokea, mlango wa hospitali huwapo lakini huduma haipo. Wanaoumia kwanza ni wale wasioweza kusubiri, na hakuna asiyeweza kusubiri kama mtoto anayezaliwa.

Msomaji, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma za uzazi. Kifungu hicho pia kinasema kwamba hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Ijue haki hiyo, na uidai kwa utaratibu na heshima.

MIMBA ZINAZOKARIBIANA NA MIMBA ZA MAPEMA

Huduma za uzazi haziishii kwenye leba. Kupanga uzazi ni mojawapo ya njia kubwa za kuwaokoa watoto, ingawa watu wengi hudhani ni suala la idadi ya watoto tu.

Mwili wa mama unahitaji muda wa kujaza tena damu na madini uliyoyapoteza. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya mama kushika mimba nyingine. Mimba ikiingia mapema, mtoto anayefuata huwa katika hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo, na yule aliyetangulia huachishwa ziwa kabla hajakomaa. Watoto wawili huumia kwa pamoja.

Akina mama wengi hunaswa kwa kuamini kwamba hawawezi kushika mimba kabla ya kuona hedhi. Si kweli. Yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Zungumza na muuguzi kuhusu njia ya kupanga uzazi ukiwa bado mja mzito. Kitanzi kinaweza kuwekwa katika saa 48 za kwanza baada ya kujifungua, na kijiti cha mkononi hakimzuii mama kunyonyesha. Zile tembe za kawaida zenye homoni mbili hazifai wiki za mwanzo za kunyonyesha, kwa hivyo usiazime za jirani.

Kuna pia mimba za wasichana wadogo. Uchunguzi wa 2022 uligundua kwamba wasichana 15 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika kaunti ya Pokot Magharibi, ambayo barabara yake kuu inashuka moja kwa moja hadi Kitale, walikuwa 36 kati ya kila 100. Msichana ambaye mwili wake bado unakua hushindania chakula na mtoto aliye tumboni, na mara nyingi huificha mimba kwa hofu, kisha huchelewa kliniki. Mzazi, hata kama umekasirika, mpeleke bintiyo kliniki kwanza. Mazungumzo mengine yatafuata.

CHAMA CHA AKINA MAMA

Je, kuna linaloweza kufanywa na watu wa kawaida bila kungoja serikali ijenge hospitali mpya? Trans Nzoia ina jibu.

Mnamo 2017 na 2018, mpango wa AMPATH, unaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ulifanya jaribio kubwa katika kaunti hiyo. Akina mama waja wazito waliwekwa katika vikundi vilivyoongozwa na wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini mwao. Walikutana mara kwa mara, wakajifunza kuhusu mimba, kujifungua, kunyonyesha na kupanga uzazi, na wale waliotaka wakachanga akiba kidogo kidogo kama katika vyama vingine vya akina mama.

Akina mama waliokuwa katika vyama hivyo walijifungulia vituoni kwa wingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuwa ndani. Siri yake ni rahisi kuiona. Chama kinapunguza kule kuchelewa kwa kwanza na kwa pili: mama anajua dalili za hatari, ana nauli, na ana wenzake wa kumsukuma.

Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote. Muulize mzee wa mtaa au kituo kilicho karibu ni nani anayehudumia mtaa wako. Na kama mko katika chama chochote, hata cha kununuliana vyombo, hakuna kinachowazuia kuongeza mfuko mdogo wa dharura za kujifungua.

PANGA SAFARI KABLA YA UCHUNGU

Mama na baba, kaeni pamoja mwezi wa saba usipite, mkubaliane mambo haya:

1. Mahali pa kujifungulia. Zahanati inaweza kumhudumia mama asiye na matatizo. Lakini aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kutokwa na damu nyingi aende hospitali yenye chumba cha upasuaji. Muulize muuguzi wako ni ipi, na usingoje rufaa ya usiku.

2. Usafiri. Chukua nambari za simu za madereva wawili, mkubaliane bei mapema.

3. Bima. Mpango wa Linda Mama ulikuwa chini ya NHIF, na NHIF ilifungwa SHA ilipoanza kazi Oktoba 1, 2024. Jiandikishe SHA mapema, hakikisha michango yako iko sawa, na uulize kituo unachokusudia kwenda kama kinakubali bima hiyo. Usiyagundue haya ukiwa kwenye meza ya kulipia.

4. Msindikizaji na atakayebaki na watoto. Mkunga wa jadi wa kwenu anaweza kuwa msindikizaji mzuri, kwani anamjua mama na anaweza kumtuliza. Kuzalisha kuachiwe wenye mafunzo na vifaa.

5. Mtu wa kuamua. Mume akiwa safarini, mama awe na ruhusa na pesa za kuondoka bila kumsubiri.

DALILI ZA HATARI

Mama mja mzito akimbizwe hospitalini mara moja akitokwa na damu, akiumwa na kichwa kikali au kuona giza, akivimba uso na mikono, akishikwa na degedege, akiwa na homa, maji yakivunjika kabla ya uchungu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Mtoto mchanga naye akimbizwe akikataa kunyonya, akipumua kwa kasi au kukoroma, akiwa na joto kali au akiwa baridi, akilegea, akishikwa na degedege, macho na ngozi vikigeuka manjano, au kitovu kikitoa usaha au kuwa chekundu pembeni. Mtoto mchanga hana ugonjwa wa kungoja kesho.

WIKI YA KWANZA NYUMBANI

Mnyonyeshe mtoto katika saa ya kwanza. Yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo si machafu, ni kinga. Kwa miezi sita asipewe maji, uji wala dawa za mitishamba. Nchini, watoto 60 tu kati ya kila 100 wa umri huo hupewa maziwa ya mama peke yake.

Kitovu kiachwe kikavu na safi. Usipake mate, majivu, samli wala kinyesi cha ng'ombe. Ukipewa dawa ya klorheksidini na mhudumu, ipake kitovuni peke yake jinsi ulivyoelekezwa, na kamwe isiguse macho.

Mtoto aliyezaliwa akiwa mdogo anahitaji joto. Mnamo 1978, madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, walipoona mashine za kuwapa watoto joto hazitoshi, walianza kuwafunga watoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Njia hiyo imeenea duniani kote na huokoa maisha mengi. Baba naye anaweza kumbeba hivyo, mama anapopumzika. Hakuna gharama yoyote.

Mwisho, mama na mtoto waangaliwe na mhudumu katika saa 48 za kwanza, kisha ndani ya wiki mbili, na tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Wengi huruka ziara hizi kwa kuwa mama anahisi ana nguvu. Usiziruke.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama kwenu kuna mja mzito, awe ni mkeo, dadako au binti wa jirani, itisha kijitabu chake cha kliniki leo jioni na mkisome pamoja. Tazameni tarehe ya ziara inayofuata. Kama imepita, nendeni kesho asubuhi.